Masazo ya Dhahabu: Akina Mama wa Mongbwalu na Siku ya Maradhi

Katika Kitabu cha Ruthu twasoma habari za mjane Mmoabu aliyeiacha nchi yake, akamfuata mkwewe mpaka Bethlehemu, akawa mgeni kati ya watu asiowajua. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba, wala hakuwa na ndugu wa kumsemea. Basi akaenda kondeni, akaokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Wengi wetu tumehubiriwa habari hiyo kuwa mfano wa uaminifu, na ndivyo ilivyo. Lakini msomaji akitazama vizuri ataona jambo jingine. Ruthu hakuiba, wala hakuomba sadaka. Sheria ya Musa iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka ukingoni, wala wasirudi kuchukua mganda waliousahau. Masazo yale yalikuwa haki ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya maskini siku zile, nayo ililindwa na sheria.

Habari hii hunijia moyoni kila niwafikiripo akina mama wa Mongbwalu. Wao pia ni wageni, wao pia huishi kwa masazo. Ila masazo yao ni ya mawe, na hakuna sheria iwalindayo kama ile iliyomlinda Ruthu. Tena katika miaka ya karibuni maradhi ya kuenea yamekuja juu yao mara kwa mara, yakatuonyesha jinsi chungu chao kinavyosimama juu ya mafiga yasiyo imara. Ndiyo maana nataka tuyatazame mambo hayo kwa utulivu, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi.

MJI ULIOZALIWA NA DHAHABU

Mongbwalu ni mji wa wilaya ya Djugu, katika jimbo la Ituri, yapata kilometa 80 kwa barabara kutoka Bunia. Dhahabu ya nchi hiyo iligunduliwa mwaka 1903, katika kijito cha Agola karibu na Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya Kilo-Moto, na mwaka 1966, baada ya uhuru, migodi hiyo ikawa mali ya serikali. Kazi ya mashine ilidhoofika miaka ilivyopita, na watu wakaingia wenyewe kwa sururu, sepetu na karai. Hata leo maelfu ya watu huishi kwa kuchimba kwa mkono.

Mji huo umeonja uchungu mwingi. Katika vita vya mwaka 2002 na 2003 ulitekwa na kundi hili, kisha na kundi lile, na raia wengi mno wakauawa. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mapigano yalizuka tena katika Djugu, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia vijiji vyao. Hata hivyo watu hawakuacha kuja Mongbwalu, maana njaa haiogopi bunduki. Huja kutoka Mahagi na Aru, kutoka Butembo na Isiro, na wengine ni wakimbizi wa Djugu yenyewe. Kati yao wamo wanawake wengi: wajane, walioachwa na waume, mabinti waliokosa karo ya shule, na akina mama waliowaacha watoto kwa bibi kijijini ili watafute chochote cha kuwapelekea.

Wataalamu hukadiria kwamba katika uchimbaji mdogo wa madini barani Afrika, wanawake ni karibu nusu ya wafanyakazi wote. Mtu akipita machimboni kwa haraka hatawaona, kwa sababu macho yake yatavutwa na wanaume watokao shimoni wamepakaa udongo. Lakini na azunguke nyuma ya shimo, asikilize mlio wa vyuma vikipiga mawe. Huko ndiko waliko akina mama.

KAZI YA MIKONO YAO

Mahali pengi mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni. Wachimbaji husema kwamba mwanamke akiingia, dhahabu hukimbia. Imani hiyo haina msingi, lakini ina faida kwa wale waliomo ndani, maana palipo na jiwe lenye dhahabu ndipo palipo na fedha. Kwa hiyo wanawake hubaki juu. Hubeba magunia ya mawe kwa kamba ya kichwani, huteka maji, huponda mawe kwa vyuma mpaka yawe unga, huosha mchanga kijitoni, hupika maharagwe na kuyauza kwa wachimbaji. Kule Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wapondaji hao huitwa mama twangaises, jina lililotokana na neno letu la kutwanga likatiwa mkia wa Kifaransa.

Mara nyingi malipo ya mwanamke si fedha. Hupewa sehemu ya mchanga ambao umekwisha kuoshwa mara moja au mbili, auoshe tena kwa bahati yake. Akipata chembe chache huzikusanya kwa zebaki, huchoma zebaki hiyo motoni, na moshi wake wenye sumu huingia kifuani mwake na kwa mtoto aliye mgongoni. Vumbi la mawe nalo huharibu mapafu polepole. Kisha huenda kwa mnunuzi, ambaye huweka chembe zile katika mizani ndogo, akataja bei. Mama asiyejua kusoma mizani hana la kujibu.

Tumfikirie mama mmoja wa namna hiyo. Ni mfano tu, wala jina hatulihitaji. Ni mjane kutoka upande wa Mahagi. Watoto wake wawili wako kijijini kwa bibi yao, na mdogo yuko naye. Kila siku hutwanga. Siku njema hupata chakula na kitu kidogo cha kuweka, siku mbaya hulala na deni. Hana mkataba, hana kitambulisho cha kazi, na jina lake halimo katika daftari lolote la ofisi. Je, akiugua nani atamtunza? Akijifungua nani atampa mapumziko? Akizeeka atakula nini?

MAFIGA MATATU

Wazee wetu walisema kweli kwamba chungu husimama juu ya mafiga matatu. Mama yule naye ana mafiga yake matatu.

Figa la kwanza ni mkono wake mwenyewe. Maadamu aweza kutwanga, watoto watakula.

Figa la pili ni ukoo. Yeye huwapelekea nduguze fedha kidogo, na wao humtunzia watoto. Siku atakapochoka au kuugua, atarudi kwao, apewe kibanda na kipande cha shamba.

Figa la tatu ni sanduku la pamoja. Katika Kongo ya mashariki akina mama wengi wamejiunga katika vyama vidogo vya kusaidiana viitwavyo MUSO. Katika vyama hivyo fedha hutengwa. Sanduku la kijani ni la kukopeshana, na sanduku jekundu ni la kusaidiana katika msiba, ugonjwa au uzazi. Kila mkutano mwanachama hutoa kiasi walichopatana. Mmoja akifiwa, sanduku jekundu hufunguliwa, na sanda hununuliwa bila kwenda kukopa kwa mwenye riba. Ni kazi nzuri sana, nami nawasifu walioianza.

Mtu aweza kuuliza: na serikali je? Tangu mwaka 1961 nchi ya Kongo imekuwa na taasisi ya hifadhi ya jamii, ambayo leo huitwa CNSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliipa hifadhi hiyo sura mpya, nayo yahusu malipo ya uzeeni, ajali za kazini, posho za watoto na msaada wa uzazi. Mambo hayo ni mema. Lakini mlango wa nyumba hiyo ni mwajiri: yeye ndiye amwandikishaye mfanyakazi na kupeleka mchango wake kila mwezi. Mama yule hana mwajiri. Mwenye shimo atasema, “Mimi sikumwajiri; nilimpa mchanga tu.” Basi mlango u wazi, lakini yeye hana mtu wa kumwingiza.

Wala jambo hili si la Mongbwalu peke yake. Shirika la Kazi la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu waliokuwa na angalau aina moja ya hifadhi ya jamii walikuwa asilimia 46.9 ya watu wote duniani. Katika Afrika walikuwa asilimia 17.4. Maana yake, katika kila Waafrika 6, ni mmoja tu aliyekuwa na mkono wa kumshika siku ya kuanguka kwake.

MARADHI YALIPOKUJA

Nchi za dhahabu zimekwisha kujua maradhi makali. Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Durba na Watsa, upande wa kaskazini katika nchi ile ile ya Kilo-Moto, ugonjwa wa Marburg uliwapata watu 154, wakafa 128. Ulianza kwa wachimbaji walioshuka katika mgodi wa Goroumbwa, ukawafuata nyumbani kwa wale waliowauguza. Ulikoma mgodi ule ulipofurika maji.

Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, nayo ikaingia Ituri. Ilidumu karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliofariki 2,287. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Sababu yake kila mmoja wetu aijua. Ni nani ashikaye kichwa cha mgonjwa atapikapo? Ni nani afuaye nguo zake, na kuuosha mwili wa mama au dada aliyefariki? Mwanamke alikuwa ngao ya nyumba, na ngao ndiyo ipigwayo kwanza. Tena, hapo mwanzo wenye mimba na wanyonyeshao hawakupewa chanjo, kwa hofu ya madhara. Ni katika mwaka 2019 ndipo ruhusa ilipotolewa.

Ebola ilikuwa haijaisha korona ilipoingia. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likauita ugonjwa huo janga la dunia nzima. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na nyumba za ibada, akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 Machi akatangaza hali ya hatari, na mipaka ikafungwa. Amri hizo zilikuwa na sababu, wala sizilaumu. Maisha ya watu yalipaswa kulindwa. Lakini tuone zilivyogusa mafiga yale matatu.

Kwanza, mkono. Dhahabu ya Ituri, iliyo nyingi, huvuka kwenda Uganda, kisha hupelekwa Dubai kwa ndege, mara nyingi katika mizigo ya abiria. Mwezi Machi 2020 Entebbe ilifungwa kwa abiria, na safari za Dubai zikasimama. Wanunuzi wakakosa njia ya kuuza, wakakosa na fedha ya kununulia. Likatokea jambo la ajabu: katika soko la dunia bei ya dhahabu ilipanda mpaka ikapita dola 2,000 kwa wakia mwezi Agosti 2020, lakini katika machimbo mengi ya Kongo bei aliyopewa mchimbaji ilikuwa imeanguka. Tajiri wa mbali aliyeogopa siku za mbele alinunua dhahabu ili awe salama. Mama aliyeitwanga dhahabu hiyo hakuwa na usalama wowote. Na mahali ambapo mchele, chumvi na sabuni huja kutoka ng'ambo ya mpaka, kufungwa kwa mpaka ni kupanda kwa bei. Mkono ukatwanga vile vile, na sahani ikapungua.

Pili, ukoo. Katika siku za maradhi, njia ya kurudi nyumbani huwa nyembamba. Barabara za Djugu zilikuwa na hatari ya watu wenye silaha, na nauli haikuwepo. Aliyetoka mji wa machimbo aliogopwa kama aliyebeba kifo mkobani. Huko kijijini bibi alingoja fedha zisizokuja, na watoto waliofukuzwa na kufungwa kwa shule walikuwa wamekaa naye mchana kutwa, mpaka shule zilipofunguliwa kwa wote mwezi Oktoba 2020. Figa hili lilipaswa kumshika mama. Kumbe lenyewe lilikuwa likimtegemea yeye.

Tatu, sanduku. Chama cha akina mama 25 hakiwezi kukutana ikiwa mkutano wa watu zaidi ya 20 umekatazwa. Pasipo mkutano hakuna mchango. Hata wale waliokutana kwa makundi madogo waliona jambo ambalo hawakulizoea: kila mmoja alikuja kuomba, wala hapakuwa na wa kutoa. Na sanduku la maskini la parokia, ambalo lingeweza kuwaongezea, lilikuwa tupu kwa sababu kanisa lilifungwa na sadaka ya Dominika haikutolewa.

YOSEFU NA MAGHALA YAKE

Hapa nawaomba wasomaji, hasa wanafunzi, watulie kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho. Sanduku lile halikushindwa kwa sababu akina mama walikuwa wavivu au wadanganyifu. Lilishindwa kwa sababu lilitengenezwa kwa msiba wa namna nyingine. Mmoja akifiwa, 24 humbeba. Lakini wote 25 wakipatwa siku moja na jambo moja, ni nani atakayebeba? Maradhi ya kuenea hayachagui nyumba moja mtaani. Huupiga mtaa mzima kwa fimbo moja.

Maandiko Matakatifu yajua tofauti hiyo. Masazo ya Ruthu yalifaa wakati wa mavuno. Lakini kumbukeni kwamba Naomi na mume wake walikuwa wameihama Bethlehemu kwanza kwa sababu ya njaa. Shamba lisipozaa, ukingo wake nao hauna masazo. Kwa njaa ya namna hiyo Mungu alitoa mfano mwingine, ndio Yosefu katika nchi ya Misri. Yosefu alikusanya nafaka katika miaka saba ya shibe, akaiweka katika maghala ya miji mingi, ili iwepo katika miaka saba ya njaa. Alifanya mambo mawili: aliweka akiba mapema, tena akaiweka kwa mapana ya nchi nzima. Akina mama wetu wanayo hekima ya Ruthu. Wanachokosa ni ghala la Yosefu.

FUNDISHO LA KAMITUGA

Miaka haikupita mingi, tukaonywa tena. Mwezi Septemba 2023, katika mji wa dhahabu wa Kamituga, ilionekana aina mpya ya ugonjwa wa mpox, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani. Ulienea kwa kugusana, ukavuka mipaka, hata tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa hatari kwa mataifa yote. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Kati ya wagonjwa wa kwanza wa Kamituga walikuwamo wanawake wengi wanaoishi kwa kuuza miili yao kwa wachimbaji.

Najua kwamba neno hilo lauma masikioni mwa familia ya Kikristu. Dhambi ni dhambi, wala Kanisa halibadili jina lake. Lakini tujiulize kwa unyofu: binti aliyekuja machimboni kutwanga, mafiga yake yote matatu yakaanguka, atasimama wapi? Wengi hawakuanza safari yao kwa kutaka maisha hayo. Na ugonjwa ulipoonekana, wao ndio waliosongwa vidole, wakati wanaume waliowaendea hawakutajwa. Aibu ikawa adui wa pili, kwa maana aibishwaye hujificha, na mgonjwa ajifichaye huambukiza wengine. Bwana wetu Yesu Kristu hakumwokotea jiwe mwanamke aliyeletwa mbele yake, bali aliwatazama kwanza wale walioyashika mawe.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Papa Leo XIII, katika barua yake ya tarehe 15 Mei 1891, alitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi na vyama vya kusaidiana. Papa Yohane XXIII, katika barua juu ya amani ya tarehe 11 Aprili 1963, aliorodhesha haki za mtu, akataja kutunzwa katika ugonjwa, katika ulemavu, katika ujane, katika uzee na katika kukosa kazi pasipo kosa lake. Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 alifundisha kwamba gharama za afya na mapumziko ya mfanyakazi ni sehemu ya haki zake. Na marehemu Papa Fransisko, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, katikati ya korona, aliwaandikia wafanyakazi wadogo wasio na ujira wa kudumu, akawaza mshahara wa msingi kwa wote kama wao. Basi mama anayetwanga mawe aliandikwa katika mafundisho ya Kanisa kabla hajaandikwa katika daftari lolote la serikali.

YATUPASAYO

Msomaji atasema, mambo haya ni makubwa, nasi tu wadogo. Ni kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila mtu huona wa kwake ndio mzito. Lakini yapo tuwezayo kuyafanya kwa mikono yetu wenyewe.

Sanduku jekundu na lisichanganywe na la mikopo, hata siku ya haja kubwa. Tena katika miezi ya mavuno mema kitengwe kiasi kidogo cha siku ya maradhi ya wote, ambacho hakiguswi kwa harusi wala kwa msiba wa mmoja. Hiyo ni miaka ya shibe ya Yosefu.

Kisha masanduku na yaungane. Sanduku la Mongbwalu likikaa peke yake, litaanguka Mongbwalu ikianguka. Likiungana na ya Bunia, ya Aru, ya Mahagi na ya Butembo, basi mahali pamoja pakipigwa, pengine patasaidia. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka misingi ya vyama vya kusaidiana katika Kongo, na viongozi wa vyama wangefanya vema kuisoma pamoja na mtu ajuaye mambo ya sheria. Pia kazi hii yafaa kufanywa kwa simu ya mkononi, ili mchango upite hata mkutano ukikatazwa.

Kila shirika la Wakristu mtaani na liwe na daftari la wageni wake. Lisiwe la kupeleleza, liwe la kutunza: mama huyu ametoka wapi, watoto wake wako kwa nani, akiugua tumpashe nani habari? Siku barabara zitakapofungwa tutajua mlango wa kubisha. Na mtoto akizaliwa, aandikishwe serikalini kabla ya siku 90 kupita, kama sheria inavyotaka, maana asiye na cheti hupitwa na msaada unaotolewa kwa majina.

Kwa wenye mashimo na wanunuzi wa dhahabu ambao ni Wakristu, nina neno moja. Boazi hakungoja sheria imlazimishe; aliwaambia watumishi wake waangushe masuke kwa makusudi ili Ruthu apate ya kutosha. Karai moja ya mawe mazuri katika kila magunia kadhaa, ikiwekwa kwa ajili ya wagonjwa na wazazi, haitamfilisi mwenye shimo. Na mizani ya haki ni ibada pia.

Kwa wanafunzi, kazi yenu ni rahisi na kubwa. Mwajua kusoma, mwajua kujumlisha. Kaeni na mama zenu jioni, mwafundishe kusoma mizani na kuandika hesabu ya sanduku lao. Mimi ni mwalimu, nami nawaambia kwamba hesabu ya namna hiyo ina thamani kuliko mazoezi mengi ya ubaoni.

Kwa wenye mamlaka twaomba jambo moja: mama atwangaye mawe ahesabiwe kuwa mfanyakazi. Afunguliwe njia ya kuchangia kidogo kidogo kadiri ya mapato yake, na mchango wake umfuate popote aendapo, maana yeye ni msafiri. Na siku amri ya kufunga mipaka itakapotolewa tena, pamoja nayo itolewe amri ya kuwalisha wale wanaokula leo walichokipata leo.

Ruthu aliokota masazo, na hakuna aliyedhani kwamba jina lake litakumbukwa. Lakini alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mwokozi wetu. Mwinjili Mateo alilitaja jina la mgeni huyo waziwazi kati ya mababu wa Kristu. Basi tukimwona mama mgeni ameinama juu ya mawe yake, vumbi limemfunika nywele, tusipite haraka. Tumwulize jina lake, tuliandike.